Doug Pederson, kutoka kotabeki wa akiba hadi kocha bingwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Doug Pederson ni nani, kwa ufupi?

Ni Mmarekani aliyezaliwa tarehe 31 Januari 1968 mjini Bellingham, jimbo la Washington. Alicheza nafasi ya kotabeki katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 hadi 2004, mara nyingi akiwa benchi. Baadaye akawa kocha, na tarehe 4 Februari 2018 akaiongoza Philadelphia Eagles kuifunga New England Patriots 41–33 katika Super Bowl ya 52, yaani fainali ya ligi hiyo. Lilikuwa taji la kwanza la Super Bowl katika historia ya klabu hiyo. Kuanzia 2022 hadi 2024 alikuwa kocha mkuu wa Jacksonville Jaguars.

Kotabeki ndiye nani uwanjani?

Katika futiboli ya Marekani timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine 4. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio huanza senta, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, anapourusha mpira nyuma kupitia katikati ya miguu yake, na anayeupokea kwa kawaida ni kotabeki. Hapo anaamua: aupige pasi mbele, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Kabla ya hayo yote huwa ameshatangaza mchoro (mpango wa nani afanye nini katika jaribio hilo) kwa wenzake 10, amekagua mabeki wamejipangaje, na pengine amebadilisha kitu dakika ya mwisho. Ndiyo maana nafasi hii inatajwa kila linapozungumzwa suala la ukocha.

Pederson mwenyewe alikuwa kotabeki mzuri?

Kwa kipimo cha NFL, hapana, na hakuna haja ya kupaka rangi. Alianza mechi 17 tu katika maisha yake yote ya uchezaji. Timu zake zilishinda 3 na kupoteza 14. Pasi zake 12 zilizaa tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6), na 19 zilinaswa na wapinzani.

Chuoni mambo yalikuwa tofauti. Alisoma Northeast Louisiana, chuo ambacho leo kinaitwa University of Louisiana Monroe, na mwaka 1989 alipiga pasi za jumla ya yadi 619 katika mechi moja. Hata hivyo, mwaka 1991 hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, zamu za timu za NFL kuchagua wachezaji wapya. Alisajiliwa Miami Dolphins kama mchezaji huru, akaachwa, akarudishwa, akaachwa tena. Katikati ya safari hiyo alipitia ligi ya kimataifa iliyoendeshwa kwa msaada wa NFL, akiwa na New York/New Jersey Knights mwaka 1992.

Siku yake moja ya kukumbukwa Miami ni tarehe 14 Novemba 1993. Kotabeki wa kwanza, Dan Marino, alikuwa nje kwa jeraha la kano ya kisigino, na aliyemrithi, Scott Mitchell, akaumia bega mechi ikiendelea. Pederson akaingia na kuimaliza kazi: Dolphins 19, Eagles 14. Ushindi huo ulikuwa wa 325 kwa kocha Don Shula, rekodi mpya ya NFL. Ulipatikana Philadelphia, mji ambao Pederson angeujua vizuri zaidi baadaye, kwa mazuri na mabaya.

Kama alikuwa hachezi, alikuwa analipwa kufanya nini?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Pale Green Bay Packers, Pederson alikuwa msaidizi wa Brett Favre, mtu ambaye hakukosa mechi hata moja kwa miaka mingi. Alipata pete ya ubingwa wa Super Bowl ya 31 (Januari 1997, Packers 35, Patriots 21) bila kuwa kotabeki wa kwanza. Lakini kazi ya kotabeki wa akiba ni nzito kuliko inavyoonekana kwenye televisheni.

Mazoezini anaigiza kotabeki wa timu pinzani. Anapewa kadi zenye michoro ya wapinzani wa wiki hiyo, na lazima aicheze kwa mwendo na tabia za mtu anayemwigiza ili mabeki wa timu yake wazizoee. Maana yake, kila wiki anajifunza mashambulizi ya timu mbili: yake na ya mpinzani.

Chumbani anatazama video pamoja na kotabeki wa kwanza na kuandika dondoo: beki gani wa kati anajikunyata kabla ya kushambulia, mlinzi gani anageuza kiuno mapema, timu inabadilisha ulinzi vipi jaribio la tatu likibakiza yadi nyingi. Siku ya mechi anasimama kando ya kocha. Kotabeki akitoka uwanjani, mtu wa kwanza kuzungumza naye ni yeye, wanapitia picha zilizopigwa kutoka juu.

Na kuna kazi ya kumshikia mpira mpigaji wa teke, ambayo Pederson aliifanya Green Bay. Mpira unaletwa yadi 7 au 8 nyuma, anaudaka, anausimamisha, anazigeuza nyuzi zielekee golini, na mguu unafika. Yote ndani ya sekunde 1.3 hivi. Nyuzi zikibaki upande wa mpigaji, mpira unaweza kupinda. Mshikaji akichelewa kidogo, teke linazuiwa. Lawama huangukia mpigaji, ingawa kosa mara nyingi ni la mshikaji.

Kwa hiyo mtu aliyefanya haya kwa zaidi ya miaka kumi ameshafanya sehemu kubwa ya kazi ya kocha msaidizi. Kilichobaki ni cheo.

Mwaka 1999 Philadelphia palitokea nini?

Andy Reid, aliyewahi kuwa kocha wa makotabeki Green Bay, alipata ukocha mkuu wa Eagles na akamchukua Pederson kwa kazi isiyo na shukrani: aanze mechi huku kijana aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti, Donovan McNabb, akifundwa. Pederson alianza mechi 9, akashinda 2. Mashabiki wa Philadelphia hawana staha katika mambo hayo, na walimzomea vya kutosha. Mwezi Novemba McNabb akachukua nafasi. Mwaka uliofuata Pederson alikwenda Cleveland Browns, akaanza mechi 8 na kushinda moja, kisha akarudi Green Bay 2001. Jeraha la mbavu la msimu wa 2004 ndilo lililomstaafisha.

Alichokipata 1999 hakionekani kwenye takwimu. Alijifunza mfumo wa Reid akiwa ndani ya helmeti, na akajua kotabeki kijana anaingizwaje bila kuvunjwa moyo.

Kwa nini alianzia kufundisha shule ya sekondari?

Mwaka 2005 alichukua timu ya Calvary Baptist Academy, Shreveport, Louisiana, na kukaa misimu 4. Wengine huliona hilo kama kushuka. Sisi tunaona ni uamuzi wa busara, kwa sababu kocha msaidizi wa NFL anaweza kukaa miaka 10 bila kufanya uamuzi wowote wa mwisho. Shuleni unakuwa kocha mkuu siku ya kwanza: unapanga ratiba, unazungumza na wazazi, unachagua mchoro, unaamua kama mpira upigwe mbali au timu ijaribu tena. Ukikosea, hakuna wa kumsingizia.

Kuna faida nyingine. Mchezaji wa NFL anaelewa nusu sentensi; kijana wa miaka 16 anahitaji uanze na miguu yake isimame wapi. Asiyeweza kuurahisisha mfumo hadi hapo hajauelewa sawasawa.

Alipandaje ngazi hadi kocha mkuu?

Mwaka 2009 Reid alimrudisha Eagles katika ngazi ya chini kabisa ya ukocha, msaidizi wa uchambuzi wa mashambulizi. Mtu huyu anakata video na kuzipanga kwa aina: jaribio la ngapi, yadi ngapi zimebaki, upande gani wa uwanja, wapinzani wamejipanga vipi. Ndiye pia anayechora zile kadi za mazoezi. Ni kazi ya kukesha.

Mwaka 2011 akawa kocha wa makotabeki. Reid alipohamia Kansas City Chiefs 2013, alimchukua kuwa mratibu wa mashambulizi, cheo alichokaa nacho misimu 3. Januari 2016 Eagles wakampa ukocha mkuu. Ukihesabu kutoka alipoacha kucheza, ni miaka 11. Wapo wanaopita haraka zaidi siku hizi: Kevin O'Connell, kotabeki aliyechaguliwa na Patriots raundi ya tatu mwaka 2008 na kucheza kidogo sana, alikuwa kocha mkuu wa Minnesota Vikings kufikia 2022.

Mchoro unatokaje kwa kocha hadi kwa wachezaji uwanjani?

Kwa redio. Tangu 1994 NFL inaruhusu spika ndani ya helmeti ya kotabeki. Helmeti hiyo ina kitone cha kijani nyuma ili waamuzi waitambue. Ni kusikia tu, kotabeki hawezi kujibu. Saa ya jaribio huanza kuhesabu sekunde 40, na redio hukatwa ikibaki 15. Kocha ana sekunde 25, na kotabeki anatakiwa kuusikia mchoro, kuurudia kwa wenzake kwenye duara, kufika kwenye mstari na kuwasoma mabeki.

Katika mfumo wa Reid na Pederson, tamko moja linaweza kuwa na maneno 10 au zaidi, na kila kipande kina kazi yake:

- wachezaji wajipange vipi na upande upi;
- nani ahame kabla mpira haujaanza, na kwa njia gani;
- wazuiaji wa mstari wamkinge kotabeki kwa mtindo upi, na mkimbiaji amsaidie nani;
- wapokeaji wakimbie njia zipi;
- mpira uanze kwa sauti ya ngapi.

Kinachoharibika zaidi ni muda. Kocha akisita sekunde 8, kotabeki anafika kwenye mstari saa ikiwa imebaki 5, na mabeki wanajua kabisa mpira utaanza lini kwa sababu hakuna nafasi ya kuwalaghai. Pederson aliyewahi kuwa upande wa pili wa redio analifahamu hilo. Ndiyo sababu karatasi ya michoro hupangwa kwa hali, si kwa alfabeti: jaribio la tatu yadi 2 hadi 3, jaribio la tatu yadi 7 hadi 10, ndani ya yadi 20 za mwisho, dakika 2 za mwisho. Jicho linaangukia sanduku moja.

Na hiyo karatasi inaandaliwa lini?

Kwa mechi ya Jumapili, Jumatatu ni ya kukagua iliyopita. Jumanne wachezaji wanapumzika, makocha wanalala ofisini. Jumatano yanafanyiwa mazoezi majaribio ya kwanza na ya pili, Alhamisi jaribio la tatu, Ijumaa eneo la karibu na tachidauni na dakika za mwisho, Jumamosi kutembea tu bila kugongana. Usiku kabla ya mechi kocha na kotabeki huipitia orodha na kotabeki anafuta asichokipenda. Makocha wengi huandika mapema michoro 15 hivi ya kufungulia mechi, desturi iliyoenezwa na Bill Walsh wa San Francisco 49ers, ili waone wapinzani wanajibu vipi kila mpangilio.

"Philly Special" ilifanyaje kazi?

Huu ndio mchoro unaoulizwa kuliko yote. Ilikuwa robo ya pili ya Super Bowl ya 52, Eagles wakiongoza 15–12, sekunde 38 kabla ya mapumziko. Jaribio la nne, yadi moja kutoka tachidauni. Makocha wengi wangepiga teke na kuchukua pointi 3. Kotabeki Nick Foles alikwenda kando ya uwanja, akaupendekeza mwenyewe mchoro huo, na Pederson akakubali.

Hatua zilikuwa hizi. Foles alisimama nyuma ya senta, kisha akasogea kulia hadi nyuma ya mzuiaji wa pembeni, akijifanya kumwelekeza. Akatulia. Senta akaurusha mpira moja kwa moja kwa mkimbiaji Corey Clement, aliyekimbia kushoto na kumpasia Trey Burton aliyekuwa anakuja kulia. Burton, aliyewahi kucheza kotabeki ujanani, akampigia Foles aliyekuwa peke yake. Tachidauni.

Ulifaulu kwa sababu mabeki wote walifuata mpira kwenda kushoto, na hakuna anayepewa jukumu la kumkaba kotabeki ambaye hana mpira. Kuna pia kipengele cha sheria: katika NFL, kotabeki anayeupokea mpira akiwa ameinama nyuma ya senta haruhusiwi kupokea pasi mbele. Foles alikuwa amesimama mbali, kwa hiyo aliruhusiwa. Alilazimika pia kutulia sekunde nzima kabla ya mpira kuanza. Angeendelea kutembea, ingekuwa adhabu. Ubishi unaoendelea mpaka leo ni wa mpokeaji Alshon Jeffery: sheria inadai watu 7 kwenye mstari, na picha zinaonyesha alikuwa nyuma kidogo. Waamuzi hawakupuliza.

Mchoro haukubuniwa Philadelphia. Chicago Bears walishautumia 2016, na msaidizi kijana wa Eagles, Press Taylor, aliuokota katika maktaba yake ya video.

Kwa nini Pederson hupenda kujaribu jaribio la nne na pointi 2?

Kwa sababu hesabu inamuunga mkono. Baada ya tachidauni, timu huchagua: teke la pointi moja, au jaribio moja la kuufikisha mpira tena kwa pointi 2. Chukua mfano wa timu iliyo nyuma kwa pointi 14 mwishoni mwa mechi, ikafunga tachidauni (pointi 6). Sasa iko nyuma kwa 8. Desturi inasema piga teke la pointi moja. Pederson aliwahi kwenda kwa pointi 2, na wengi walimwona amepotoka.

Tuseme jaribio la pointi 2 linafaulu nusu ya mara, na teke linaingia kila mara (kwa kweli ni zaidi ya mara 9 kati ya 10 tangu liliposogezwa nyuma mwaka 2015). Ukifaulu mara ya kwanza, tachidauni ya pili na teke vinakupa ushindi wa pointi moja: asilimia 50. Ukikosa, unajaribu tena pointi 2 baadaye. Ukifaulu ni sare, asilimia 25, na muda wa nyongeza unaugawa kwa nusu. Jumla ni asilimia 62.5 za kushinda. Ukipiga mateke mawili unapata sare, yaani asilimia 50. Hesabu hii inadhani utafunga tachidauni zote mbili na mpinzani hatafunga, lakini sharti hilo ni lilelile kwa njia zote mbili.

Uamuzi wake mkubwa kuliko "Philly Special", kwa maoni yetu, ni ule wa robo ya nne ya mechi hiyohiyo: nyuma 33–32, dakika 5 na sekunde 39 zimebaki, jaribio la nne na yadi moja, mpira ukiwa kwenye yadi 45 upande wao wenyewe. Wangekosa, Tom Brady angepewa uwanja mfupi. Foles akampasia Zach Ertz yadi 2, na mfululizo huo wa majaribio ukaishia kwa tachidauni ya Ertz huyohuyo. Watu wanakumbuka ile yenye mbwembwe.

Alishindaje bila kotabeki wake wa kwanza?

Carson Wentz alipasuka kano ya goti Desemba 2017 jijini Los Angeles, timu ikiwa juu kileleni. Foles alipoingia, makocha hawakumlazimisha kucheza michoro ya Wentz, ambaye nguvu yake ilikuwa kukwepa na kukimbia. Walirudi kwenye video za miaka ya nyuma ya Foles, wakachukua michoro aliyoipenda: mpira kutoka mkononi mapema, na mingi inayompa chaguo la kumkabidhi mkimbiaji au kupiga pasi fupi kulingana na beki mmoja. Katika fainali alifikisha pasi 28 kati ya 43, yadi 373.

Tazama waliokuwa chumbani. Mratibu wa mashambulizi alikuwa Frank Reich, kotabeki wa akiba wa Jim Kelly pale Buffalo, aliyechukua nafasi yake Januari 1993 na kuitoa timu kutoka nyuma 35–3 hadi ushindi wa 41–38. Kocha mkuu alikuwa mtu wa akiba, mratibu mtu wa akiba, na kotabeki mtu wa akiba.

Mbona Eagles walimfukuza miaka 3 baadaye?

Msimu wa 2020 uliisha kwa ushindi 4, vipigo 11 na sare moja. Wentz alipiga pasi 15 zilizonaswa, akawekwa benchi, nafasi ikachukuliwa na Jalen Hurts. Mechi ya mwisho dhidi ya timu ya Washington ilizidisha moto: timu ikiwa nyuma 17–14 robo ya nne, Pederson alimtoa Hurts na kumwingiza Nate Sudfeld, wakapoteza 20–14. Kipigo hicho kiliipa Washington ubingwa wa kundi na kuinyima New York Giants. Mmiliki Jeffrey Lurie alimwachisha kazi tarehe 11 Januari 2021, akitaja tofauti za mtazamo.

Na Jacksonville?

Aliikuta timu iliyoshinda mechi 3 kati ya 17, yenye kotabeki kijana, Trevor Lawrence. Msimu wa 2022 walikuwa 4–8 (ushindi 4, vipigo 8), wakashinda 5 mfululizo na kuchukua kundi. Kwenye mtoano walikuwa nyuma 27–0 dhidi ya Chargers, Lawrence akiwa amenaswa pasi 4 kipindi cha kwanza, wakashinda 31–30. Ndani yake palikuwa na jaribio la pointi 2 lililofaulu, bila hilo teke la mwisho lisingetosha.

Mwaka 2023 walianza 8–3 na kumaliza 9–8, nje ya mtoano. Mwaka 2024 ikawa 4–13, na Januari 2025 akafukuzwa. Kazi ya kuchagua michoro alikuwa amemwachia Press Taylor. Kwa kocha aliyejijengea jina kwa kuchagua michoro, tunaona hilo lilimpunguzia makali. Jumla ya mechi zake za msimu wa kawaida kama kocha mkuu ni ushindi 64, vipigo 66, sare moja. Mtoano: 5–3.

Je, makotabeki nyota nao huwa makocha wazuri?

Rekodi haiwapendelei. Bart Starr alishinda Super Bowl mbili za kwanza akiwa mchezaji wa Packers, kisha akaifundisha timu hiyohiyo 1975 hadi 1983 na kupoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Otto Graham, aliyetawala miaka ya 1950 na Cleveland, aliifundisha timu ya Washington misimu 3 akatoka na ushindi 17, vipigo 22 na sare 3. Kwa upande mwingine, Gary Kubiak alikuwa kotabeki wa akiba nyuma ya John Elway, halafu akaipa Denver Super Bowl ya 50. Tom Flores, aliyekuwa benchi Kansas City walipotwaa Super Bowl ya 4, aliwafundisha Raiders mataji mawili.

Usiifanye kanuni, ingawa. Jim Harbaugh alikuwa kotabeki wa kwanza kwa miaka mingi, na amefaulu Stanford, San Francisco na Michigan. Isitoshe, watu wa akiba ni wengi kuliko nyota, na nyota hana shida ya fedha ya kumlazimisha kukata video usiku kucha.

Super Bowl huanza saa ngapi Afrika Mashariki?

Kwa kawaida saa 12:30 jioni ya Jumapili kwa saa za mashariki mwa Marekani, yaani saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu Nairobi na Dar es Salaam. Mapumziko huwa marefu kwa ajili ya onyesho la muziki, na mechi huisha karibu saa 12 asubuhi.